Bahasha ya Fundi Bomba

Studio, 3 Februari

Mwanangu Kope,

Marahaba. Najua ungeanza kwa kuniamkia, basi nimekuitikia kabisa tusipoteze muda.

Hapa salama. Fundi rangi alimaliza siku mbili baada ya wewe kurudi chuoni. Ukuta umekuwa mweupe mpaka wateja wanafumba macho kabla sijawamulika. Ungekuwa wewe ndiyo ingekuwa balaa, maana ulikuwa unafumba hata nikishika kamera tupu. Ulifika miaka sita sina picha yako hata moja yenye macho wazi, na baba yako ndiye mpiga picha! Jina la Kope hukupewa bure.

Umeniambia niache kuandika, nipige simu. Kwenye simu unaniambia "sawa Baba, sawa Baba" mpaka nasahau nilichopigia. Barua hainikatizi.

Sasa sikiliza. Jana alikuja mama mmoja, mtu mzima, mpole, akaniwekea kikaratasi mezani. Nikakitazama, ala! Kikaratasi changu mwenyewe, kile cha rangi ya waridi nilichokuwa nawapa wateja waje kuchukulia picha. Kina miaka kumi na minne. Alikikuta ndani ya sanduku la spana la marehemu mumewe, alipokuwa anazitoa azigawe. Mume alikuwa fundi bomba. Alikuja hapa kupiga picha za pasipoti kwa ajili ya kitambulisho cha kazi, akaugua, hakurudi kuzichukua, akafa. Huyo mama hana picha yake nyingine. Hata moja. Mume hakupenda kupigwa picha, alikuwa akiona kamera anakumbuka shughuli nyingine.

Akaniuliza kama mtu asiyetegemea jibu, "Sijui huwa mnazitunza?" Nikacheka kwa majivuno, mwanangu. Nikamwambia, "Mama, hapa ni kwa Kidevu. Picha ya mtu haitupwi. Kaa kitako."

Nikaingia nyuma kulitoa lile kasha la mbao, la bahasha za wasiorudi. Halipo.

Nimepekua kila mahali, nimepanda mpaka juu ya dari kwa magoti haya. Utaratibu wangu unaujua: mteja namkabidhi picha zake na negativu yake, ile filamu yenyewe, kwa sababu sura ni yake, studio haibaki na kitu. Kwa hiyo kama bahasha haipo ndani ya kasha, hakuna pengine pa kuitafuta. Mama nimemwambia arudi Ijumaa ya wiki ijayo. Wewe ulinisaidia kuhamisha vitu kabla ya rangi. Hukuliona?

Wateja wanauliza unasomea nini chuo kikuu. Nasema picha. Wanasema, "Kama wewe?" Nawaambia mimi nilijifunza kwa kuharibu, yeye anafundishwa. Mwaka huu anamaliza, nasema, halafu mtamwona kwenye majarida. Usije ukaniaibisha.

Baba yako,
Kidevu


Bweni la wasichana, 9 Februari

Baba, shikamoo.

Barua imefika, asante. Nafurahi ukuta umependeza. Lakini dari ndiyo nini tena? Ukianguka huko nani atakuokota? Tafadhali usirudie.

Kuhusu kasha, kusema kweli sikumbuki vizuri. Nadhani niliona kasha karibu na mlango wa nyuma, au labda ni lile la vioo vilivyovunjika. Siku ile vitu vilikuwa vingi, na fundi rangi alikuwa anaingia na kutoka, anasogeza hiki, anatupa kile. Labda alidhani ni takataka. Sisemi kwamba ni yeye, nasema labda tu. Na Baba, ni miaka kumi na minne! Hakuna studio nyingine inayotunza picha za watu muda wote huo. Huyo mama mwelezee tu kwa upole, ataelewa.

Mimi nipo kwenye mradi wangu wa mwisho. Unahusu sura za watu na kusahaulika. Ni vigumu kuueleza kwa barua. Mhadhiri ameupenda, anasema ndio mradi wenye ujasiri kuliko yote mwaka huu. Maonyesho yatakuwa mwisho wa mwezi, na atakuja mwandishi wa gazeti, na mhariri wa jarida moja ambalo kila mtu hapa anatamani kulifanyia kazi. Usihangaike kuja, Baba. Safari ni ndefu, na hawa watu wanaongea mambo ya vitabuni tu. Utachoka bure.

Kula vizuri.

Mwanao,
Kope


Studio, 18 Februari

Mwanangu,

Wewe ulisema labda. Mimi sikuwa na subira ya labda.

Nilikwenda kwa fundi rangi. Nilimkuta ameketi na wenzake pale wanaposubiri kazi. Nilimuuliza kasha langu liko wapi. Akasema hajui. Nikamuuliza tena, akasema, "Mzee, mimi nilipaka ukuta, sikugusa chochote cha nyuma." Basi nikapandwa na hasira. Nilimwita mwizi mbele ya watu, na nikasema mengine ambayo sitayaandika hapa. Akaniangalia tu. Wenzake wakaanza kusogea kando, mmoja mmoja. Nasikia mama wa cherehani alikuwa ampe kazi ya kupaka duka lake, sasa amesita.

Nilirudi nikiwa nimetulia kidogo, lakini kasha halikurudi kwa sababu ya kelele zangu.

Ijumaa mama akaja. Amevaa vizuri, mwanangu, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni. Nikamwambia bado. Sikuthubutu kumwambia limepotea. Akasema hana haraka. Akakaa palepale kwenye kiti cha wateja, akaanza kunieleza bila mimi kumuuliza. Alisema, "Nimeanza kuisahau sura yake. Mgongo ninao, maana nilizoea kumwona akiwa chini ya sinki. Mikono ninayo. Sauti ninayo. Sura inakuja na kuondoka, na siku hizi haiji." Alisema hivyo kwa aibu, kama vile amekosa adabu kwa marehemu.

Nami nimejaribu kumkumbuka. Nakumbuka alikataa kukaa mpaka nikamshika mabega. Nakumbuka nilimvalisha lile koti letu la studio, jeusi, likambana. Sura, nisikudanganye, imeniponyoka. Nimepiga sura nyingi mno maishani.

Sasa nakuuliza tena, kwa utulivu. Fikiri vizuri. Ulipoliona karibu na mlango wa nyuma, ilikuwa kabla ya fundi rangi kuja au baada?

Baba yako,
Kidevu


Bweni, 23 Februari

Baba, shikamoo.

Samahani ninaandika kwa haraka, maonyesho ni keshokutwa na bado tunatundika picha.

Tafadhali nenda kamuombe radhi fundi rangi. Sikusema kwamba ni yeye. Huenda si yeye kabisa. Naomba sana uende.

Na pia, ile bahasha ya mume wa huyo mama, unakumbuka uliiandika nini juu yake? Nauliza tu.

Kope


Studio, 2 Machi

Mwanangu mpenzi, mtoto wa Kidevu!

Leo siulizi habari za kasha. Leo nina furaha mpaka mistari inapanda na kushuka, utanisamehe mwandiko.

Asubuhi nimepita kwa muuza magazeti, naye akaniita, "Mzee, huyu si binti yako?" Nikatazama. Ni wewe! Umesimama mbele ya picha kubwa, kidevu umekiinua kama nilivyokufundisha, na macho wazi, haki ya nani, wazi yote mawili. Nimenunua magazeti manne. Moja nimelibandika kwenye mlango wa studio, kwa nje, kila mpita njia alione. Mama wa cherehani amekuja, wamekuja wa duka la vifaa, hata watu nisiowajua wanasimama. Nimewaambia, "Niliwaambia nini mimi?"

Habari yenyewe bado sijaisoma. Maandishi ni madogo na miwani yangu imelegea mguu mmoja. Kinyozi wa jirani atanisomea akimaliza kichwa alichonacho.

Umeuliza nilichoandika kwenye bahasha. Niliandika: "Fundi bomba, koti limembana." Kwa nini ulitaka kujua?

Baba yako mwenye fahari,
Kidevu


Studio, 3 Machi

Kope,

Kinyozi alinisomea. Alisoma kwa sauti, palepale mlangoni, mbele ya wote niliokuwa nimewaita.

Alisoma kwamba mwanafunzi alilinunua kasha la picha kuukuu kwa mtu wa vyuma chakavu. Alisoma kwamba zilipigwa na "mpiga picha asiyejulikana, wa vichochoroni". Alisoma kwamba mwanafunzi amezikwangua sura kwenye negativu kwa sindano, arobaini, akazikuza ziwe picha kubwa zisizo na sura, halafu zile ndogo za ndani ya bahasha akazichoma moto na majivu yake yamo ndani ya chupa ukumbini. Alisoma kwamba hakuna nakala.

Hapo aligeuka, akanitazama. Wengine walianza kuaga.

Gazeti nimelibandua. Limeacha karatasi mlangoni, haitoki.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Fundi bomba yumo?

Kidevu


Bweni, 9 Machi

Baba,

Yumo.

Ni namba kumi na saba. Uliponiandikia maneno ya bahasha nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua tangu barua yako ya tarehe kumi na nane, uliposema koti limembana, kwa sababu nililiona hilo neno juu ya bahasha na likanichekesha. Nilikuwa nayo mkononi na nikacheka, halafu nikafungua nikatoa negativu.

Nilipokujibu ile mara ya kwanza, nilikuwa nimekwisha kumkwangua. Kazi yote niliimaliza wiki ya kwanza niliporudi. Sikuwa najua ni yupi, lakini nilijua kasha ninalo mimi, lipo chini ya kitanda changu, na nikakuandikia habari za mlango wa nyuma. Fundi rangi nilimtaja kwa sababu ndiye mtu wa kwanza aliyenijia akilini. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Naomba nikuambie ilivyoanza. Si kwa kujitetea.

Siku ya kwanza kabisa darasani tuliambiwa kila mmoja aeleze picha zilimwingiaje. Mmoja mjomba wake ni mtengeneza filamu. Mwingine alipewa kamera akiwa na miaka saba. Zamu yangu ilipofika nikasema nilijifunza mwenyewe. Nikaona hakuna aliyeshtuka, nikaona kumbe ni rahisi. Mwaka wa pili mhadhiri akatuonyesha picha za pasipoti ukutani, akasema, "Hapa hakuna jicho la mtu, hapa mpiga picha na mashine ni kitu kimoja." Darasa likacheka. Nilicheka mimi kuliko wote, Baba. Mpaka mwenzangu akaniuliza kinachonichekesha hivyo.

Nilipokuja likizo nikaliona kasha. Bahasha mia mbili na zaidi, hazina hata jina moja. Zimeandikwa "Aliyekohoa", "Bibi wa miwani ya kamba", "Pacha aliyekuja peke yake". Nikajiambia hawa ni watu wasiojulikana, wamesahauliwa, hakuna atakayewauliza. Nikaona hapo ndipo penye mradi. Nikalichukua ukiwa sokoni. Kitu ninachokijua vizuri sasa ni kwamba ningekuomba ungenipa, na ndiyo sababu sikukuomba. Ningekuomba ingebidi niseme limetoka kwako.

Nimekwenda kwa mhadhiri kumweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Kumbe ni ya baba yako? Lakini hii ni bora zaidi! Andika hivyo, mkusanyo wa familia, binti anafuta kazi ya baba. Mhariri atafurahi sana." Na mhariri alifurahi kweli. Amenipa nafasi katika jarida, nianze nikimaliza mitihani. Yaani hata nikisema ukweli nashangiliwa. Nilitoka mle ofisini nikaenda kukaa chooni.

Jana nimezitoa picha zote ukumbini. Nimemwambia mhariri sitaichukua kazi. Mhadhiri amesema ninajiharibia alama kwa hasira za kitoto, nami sikubishana naye. Bahasha zilizobaki, mia moja na sabini na nne, ni nzima, nitazituma kwa basi. Lakini namba kumi na saba siwezi kuirudisha. Nimeiweka juu ya taa, nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Nilikwangua vizuri. Hapajabaki kitu.

Sijui nikuombe nini. Sistahili hata kusaini jina ulilonipa.

Mwanao


Studio, 14 Machi

Mwanangu,

Barua nimeisoma mwenyewe. Kinyozi sikumwonyesha.

Nianze na fundi rangi. Nilimkuta yuko juu ya ngazi, anapaka duka la mama wa cherehani, alikuwa amempa kazi mwishowe. Hakushuka. Nikamuomba radhi nikiwa chini, shingo nimeikunja, rangi inanidondokea usoni. Nilisema kwa sauti ili wote waliosikia lile tusi wasikie na hili. Akasema, "Sawa, mzee," akaendelea kupaka. Sijui kama amenisamehe. Nisingejisamehe.

Sasa wewe. Umeandika hawajulikani. Nilipoandika "Bibi wa miwani ya kamba" haikuwa kwamba sijui jina lake. Nilikuwa naandika kwenye bahasha jinsi ninavyomwona mtu moyoni ili akirudi baada ya miaka nimtambue mlangoni kabla hajafungua mdomo. Huyo bibi angali hai. Anapita hapa kila Jumatatu, ananisalimia. Picha yake hajaichukua kwa sababu anasema akiichukua hatakuwa na la kunitania. Jumatatu hii alinisalimia nikaingia ndani nikajifanya natafuta kitu.

Hayo ya kunikana mimi nimeyameza. Nilijua mapema kuliko unavyodhani. Mwaka wa kwanza nilikuletea maembe chuoni bila kukuarifu, nikakukuta na wenzako, ukawaambia nimetumwa kutoka nyumbani. Hukusema mimi ni nani. Niliyaacha maembe nikarudi. Nilijiambia ni utoto, na pia nilijiambia kwamba labda ni shati nililovaa. Sikuwahi kukuambia kwa sababu niliona aibu, na mpaka leo sielewi kwa nini niliyeona aibu ni mimi.

Lakini fundi bomba si wangu wa kumsamehe, wala si wako. Yule mama amekuja mara nne. Kila mara namwambia bado, naye ananiambia hana haraka. Sitamwambia mimi. Aliyekwangua ndiye atakayemwambia. Anakaa nyuma ya ghala la saruji, nyumba ya tatu, mlango wa kijani. Beba ile picha yake kubwa na ile negativu, na usimdanganye kwa lolote. Hata kwa kumwonea huruma, usimdanganye.

Sitakusindikiza. Nilitaka, lakini nikijua nipo karibu utanitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

Baba yako


Bweni, 22 Machi

Baba, shikamoo.

Nilifika Jumamosi. Nilipita mbele ya studio kwanza. Ulikuwa na mteja, ulikuwa umemshika kidevu unamwinua, nikasimama upande wa pili wa barabara, sikuvuka. Nisamehe kwa hilo pia. Nilikuwa na ile picha nimeifungia kwenye gazeti, nikaona nikiingia kwako nitalia, na nikilia utanionea huruma nami nitarudi bila kufika kwa mama.

Alinikaribisha bila kujua mimi ni nani. Nyumba yake ina vyumba viwili na jiko. Alinipa maji ya kunywa kutoka bombani, akafunga, na bomba likanyamaza kabisa, hata tone moja halikufuata. Aliniona nalitazama, akasema, "Hilo ni lake. Alilifunga yeye, mpaka leo fundi mwingine hajaligusa." Nikamwambia mimi ni binti wa mpiga picha. Uso wake ukafunguka, Baba. Akauliza, "Umeniletea?"

Nilimweleza kila kitu. Nilijiandalia maneno ndani ya basi lakini hayakuja hata moja, nikasema tu kama yalivyo. Kwamba nililiiba kasha, kwamba nilimkwangua kwa sindano, kwamba nilichoma zile ndogo, kwamba niliwaambia watu sijui zimetoka wapi. Aliuliza, "Kwa nini?" Nikasema ilikuwa kazi ya chuo. Akasema, "Walikutuma?" Nikasema hapana, nilijituma.

Akaniomba nimwonyeshe. Akaibeba mpaka dirishani, akavaa miwani. Alikaa nayo muda mrefu. Halafu akasema, "Hili koti si lake." Nikamwambia ni la studio. "Na tai?" Nikasema ya studio pia. Akaigeuza upande wa nyuma kama vile labda huko kuna kitu, akaniuliza, "Sasa chake hapa ni kipi?"

Nilidhani sasa atanifukuza. Nilitaka anifukuze. Nilikuwa nimekwisha kunyanyuka nusu. Lakini akavua miwani, akavuta kiti chake akakisogeza karibu na changu, magoti yakagusana. Akanishika mkono, ule wa kulia, wa sindano.

Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona. Mimi ninasahau, dada yake amesahau, baba yako ameniambia naye amesahau. Wewe umemwona juzi tu. Basi niambie. Siku hiyo alikuwa na masharubu au alikuwa amenyoa? Dada yake anasema alinyoa. Mimi nadhani alikuwa nayo. Na macho, aliangalia mbele, au aliangalia chini kama kawaida yake?"

Nilitafuta kichwani, Baba. Nakuapia nilitafuta. Nakumbuka sindano. Nakumbuka sauti yake ilivyokuwa inakwaruza. Nakumbuka nilianza na jicho la kushoto kwa sababu mwanga wa mezani ulikuwa upande huo, na nakumbuka niliandika kwenye daftari "kivuli kizuri shingoni". Nilikaa naye saa nzima, sura yake imejaa kwenye kioo cha kukuzia. Miaka minne nimefundishwa kutazama.

Mama alikuwa ameinama mbele, ananisubiri. Ningesema alikuwa na masharubu, angeamini. Ningesema aliangalia mbele, na alikuwa anakaribia kutabasamu, angelala na hilo mpaka kufa kwake. Neno lilikuwa mdomoni, Baba. Nilifungua mdomo ili nilitoe.

Nikamwambia, "Mama, sikumwangalia."

Mwanao